Jozi Nne za Makubadhi katika Nchi ya Kadirini

Uliangalia pembeni. Usinikatalie, nilikuwepo. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba, miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye benchi refu la kijani nje ya kliniki ya sukari, na mama aliyekaa kati yetu alikuwa amevua viatu kwa sababu havikumwingia tena. Miguu yake ilikuwa imeumuka kama mkate. Ukaiona. Halafu ukaanza kusoma bango la chanjo ukutani, kuanzia mstari wa kwanza mpaka jina la mpiga chapa, ukalirudia tena. Mimi nilikuwa nahesabu vigae. Yule mama akaitwa ndani, akatoka na karatasi, akatuambia kwa furaha, "Wamesema bado kidogo." Mwezi wa tisa hakuwepo kwenye benchi, wala wewe hukuuliza, wala mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitafuta nchi inakotoka hiyo "bado". Nimeipata. Nimekaa huko miezi mitano, nimerudi, na haya ndiyo niliyoyaona. Safari hii utasoma mpaka mwisho.

Nchi yenyewe inaitwa Kadirini. Ni nchi safi, yenye watu wapole na barabara zilizonyooka, na kila kitu huko kinakwenda kwa namba. Mvua haihesabiwi kuwa mvua mpaka kikombe cha serikali kilichopo lango la mji kijae kidole kimoja. Kabla ya hapo, mtu akifungua mwavuli anatozwa faini kwa kueneza uvumi. Siku ya tatu tangu nifike niliona jiko la jirani limeshika moto. Wenyewe walikuwa wamesimama uani, wametulia, mmoja ameshika kipimajoto mkononi. Nikapiga kelele wamwage maji. Wakaniambia kwa adabu kwamba moto bado haujafikia daraja la kisheria. Ulipolifikia, walimwaga maji kwa bidii kubwa, na kila mtu akampongeza mwenzake, ingawa jiko halikuwepo tena.

Katikati ya mji kuna Ubao. Ni mrefu kama ukuta wa msikiti, mweusi, na majina ya wagonjwa wote wa figo yameandikwa humo kwa chaki, kila jina na namba yake. Namba inaonyesha figo zimebakiza nguvu kiasi gani. Mwenye mia ni mzima. Mwenye sifuri hana figo. Kila mwezi mgonjwa anakwenda kwenye dirisha la Upimaji, anatoa damu, na namba yake inafutwa na kuandikwa upya.

Figo zikichoka, Kadirini wana dawa, na ni dawa nzuri, siwasingizii. Wanapanda mrija laini tumboni, chini kidogo ya kitovu. Kupitia mrija huo wanaingiza maji safi yenye dawa, yanakaa humo saa kadhaa yakivuta uchafu na maji ya ziada, kisha yanamwagwa na kuingizwa mengine. Mara nne kwa siku, nyumbani kwako, mfuko ukining'inia kwenye msumari. Nimeona mtu akichambua mchele huku maji yakishuka. Nimeona mwalimu akisahihisha madaftari. Wenyewe wanaita "kuosha". Swali pekee katika nchi ile ni lini mtu aanze kuosha, na kwa swali hilo wana Baraza zima.

Sheria inasema: namba ikifika sita, anza. Kabla ya sita, usiguse. Sheria ni moja kwa wote, mnene na mwembamba, mwenye sukari na asiye na sukari, na wanajivunia sana usawa huo.

Nilipanga chumba kwa Pandu, fundi viatu, mzee mfupi mwenye ulimi mkali, na mkewe Bi Mwantumu, ambaye alikuwa na sukari kwa miaka ishirini na mbili na figo zake zilikuwa zinakwisha. Pandu hakuwahi kumshonea mkewe kiatu kwa kumpima. Alikuwa anaujua mguu wake kwa mkono. Asubuhi moja nikawakuta uani, Pandu amepiga magoti, anasukuma kubadhi jipya lisiloingia.

"Miaka thelathini na moja unanishonea," Bi Mwantumu akamwambia, "leo ndiyo umekosea. Uzee huo, mzee wangu."

"Mkono haujakosea. Mguu ndio umekosea."

"Basi ukanye."

"Ukanye wewe, ni wako." Pandu alikuwa anacheka, lakini alibonyeza kidole gumba juu ya muundi wa mkewe, akakitoa, na hapo kicheko kikakatika. Shimo lilibaki. Aliliangalia kama mtu anayesoma barua. Ngozi ilichukua muda kujaa tena.

Makubadhi hayo akayafumua, akayapanua, na hiyo ndiyo ikawa jozi ya pili. Ya kwanza, ya kabla ya mvua, ilikuwa ndogo, nyembamba, kama ya msichana. Ya pili ilikuwa pana kwa vidole viwili. Mwezi uliofuata alishona ya tatu, yenye kamba za kufunga na kufungua, na Bi Mwantumu akaanza kulala ameegemea ukuta kwa mito mitatu, maana akilala chali alikuwa anasema mtu amemkalia kifuani. Chakula kilimnukia chuma. Mashavu yakaingia ndani, mikono ikawa fito, na miguu ikazidi kujaa. Alikuwa anakonda na kuvimba kwa wakati mmoja.

Nikawasindikiza kwenye Upimaji. Dirisha lile lazima nilieleze. Limetobolewa ukutani usawa wa kifua, dogo, na karani anakaa ndani juu ya kiti kirefu. Hii ni kwa heshima: kule Kadirini ni utovu wa adabu mtumishi wa umma kutazama miguu ya raia. Karani aliitwa Ngwali, kijana nadhifu, mwema kwelikweli, anayekumbuka jina la kila mtu.

"Shikamoo, Bi Mwantumu! Njoo nikupe habari njema. Mwezi uliopita ulikuwa na tisa. Leo una kumi na moja. Umepanda, mama! Hongera!"

Watu wa foleni wakampigia makofi. Bi Mwantumu alishika ukingo wa dirisha apate pumzi, akatabasamu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Nimepanda wapi?"

"Kumi na moja!"

"Mbona mimi naona nashuka?"

"Hisia, mama," Ngwali akamjibu kwa upole. "Ndiyo maana tuna namba."

Tukarudi nyumbani. Pandu akaniuliza, mimi mgeni, kama najua wanapima nini. Nilikuwa nimeuliza, nikamweleza. Hawazioni figo zenyewe. Wanapima majivu, yaani ule uchafu ambao nyama ya mwili inauacha katika damu. Majivu yakiwa mengi, wanasema figo zimechoka. Yakiwa machache, wanasema figo zina nguvu.

Pandu akamtazama mkewe aliyekuwa amekaa kizingitini, mabega kama kitundikio cha nguo.

"Nyama yenyewe iko wapi? Jiko umelitoa kuni, halafu unashangilia kwamba halina majivu."

Hapo ndipo penye kosa la nchi ile, na ni kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya: mgonjwa kadiri anavyokwisha, ndivyo Ubao unavyomsifu. Nimewaona wengine baada ya hapo. Wengi walikuwa watu wa sukari, wembamba, wamejaa maji, namba zao nzuri. Wanakufa na namba nzuri. Chaki ya majina yao inafutwa kwa heshima kubwa.

Pandu akaenda Barazani. Baraza la Wakati linakutana kila siku, kasoro siku za mazishi, na kwa hiyo halikutani sana. Upande wa kulia wanakaa Watangulizi, wanaotaka kila mtu aanze kuosha akifika kumi na tano. Kushoto wanakaa Wasubirifu, wenye sheria ya sita. Wamebishana tangu kabla sijaota ndevu. Watangulizi waliwahi kutawala miaka minne, na walipotawala waliwapanda mirija watu wote wa kumi na tano, wagonjwa na wasio wagonjwa. Kisha wakashindwa kura. Nilikaa nyuma na daftari langu. Walitajana kwa majina ya heshima na hawakukubaliana kwa lolote, isipokuwa kwamba jibu lazima liwe namba.

Pandu akaweka jozi tatu mezani kwa Mwenyekiti, ambaye alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Mzee wangu," Mwenyekiti akasema, "hapa ni Barazani. Soko la viatu liko kule chini."

Ukumbi ukacheka. Pandu akacheka nao, akangoja wamalize.

"Siuzi. Nawaonyesha. Hii nilimshonea mke wangu kabla ya mvua. Hii baada ya mvua. Hii wiki iliyopita. Mguu ni huohuo. Na Ubao unasema anapona."

"Ana ngapi?" likaulizwa swali kutoka kushoto.

"Kumi na moja."

"Bado!" wakasema Wasubirifu wote.

"Kachelewa!" wakasema Watangulizi wote.

"Hakuna hata mmoja wenu aliyemwona," Pandu akasema. "Amekaa hapo nje kwenye ngazi. Tokeni mumwone."

Hakuna aliyesimama. Mjumbe mmoja akauliza, kwa nia njema, kama mguu una namba. Pandu akamwambia mguu hauna namba, una shimo: unabonyeza kwa kidole gumba, unahesabu mpaka ishirini, shimo bado lipo.

"Ishirini!" mjumbe akaruka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ameleta namba!"

Nimeshuhudia mengi katika maisha yangu, lakini sijapata kuona ukumbi ukichangamka vile. Walijadili ishirini hiyo mpaka adhuhuri. Ihesabiwe kwa kasi gani? Na gumba la nani, maana magumba hayalingani? Ikaundwa Kamati ya Gumba, itoe taarifa baada ya mwaka mmoja.

Wakati huo akasimama mtu kwenye viti vya wananchi. Alikuwa Songoro, muuza kahawa, mmoja wa wale waliopandwa mirija zama za Watangulizi.

"Mimi nilikuwa na kumi na tano na nguvu za kubeba gunia mpaka juu ya kilima," akasema. "Nikala, nikalala, nikapumua. Wakanitundika kwenye msumari. Miaka saba nimeosha, minne ya mwanzo bila kuhitaji. Leo ndipo nahitaji kuosha, na utando wa tumbo umechakaa, maji hayavuti tena. Kwa hiyo, mzee, usiwakimbilie hawa wa kulia kwa sababu umekasirishwa na wale wa kushoto."

Pandu akamgeukia. "Ndugu yangu, na wewe walikutazama kabla ya kukuanzisha?"

"Hawakunitazama. Walitazama Ubao."

"Basi tumeumizwa na mtu mmoja."

Kisha akatoa ombi lake, na nataka ulishike vizuri, kwa sababu lilikuwa dogo. Hakuomba maji. Aliomba mrija tu. Aliomba upandwe sasa, wakati mkewe bado anaweza kupona kidonda, ukae tumboni umefungwa wiki mbili nyama ishikane, na siku atakapoelemewa maji yapate njia iliyo tayari. "Mimi nashona ngozi," akasema. "Ukishona leo na kuvuta leo hii, uzi unakata. Kila fundi anajua. Nyie mnashona na kuvuta siku moja."

Mwenyekiti alivua miwani. Nadhani alielewa. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti ya chini: "Kupanda mrija ni kuanza. Na kuanza kunangoja sita." Akakifunga. "Pole sana, mzee wangu. Lete namba."

Bi Mwantumu alikuwa bado amekaa kwenye ngazi tulipotoka. "Wamesemaje?"

"Wamekuundia kamati."

"Heshima kubwa hiyo," akasema, na akacheka mpaka akakosa pumzi, tukamshika mikono.

Namba ilianguka wiki tano baadaye, kwa mkupuo. Kumi na moja ikawa nne ndani ya siku sita, na kengele ya Upimaji ikapigwa, na watumishi wakaja mbio na machela. Hakuna mtu wa kuwalaumu siku hiyo. Walifanya kazi kama walivyofundishwa. Mrija ulipandwa asubuhi. Maji yakaingizwa mchana, maana kungoja hakukuwezekana tena, na yakaanza kuvuja pembeni ya mrija, kwenye kidonda kibichi, yakalowanisha shuka na mkeka chini yake. Siku ya tano maji yaliyotoka tumboni yalikuwa na ukungu. Siku ya sita akapata homa. Pandu alikuwa amemshonea jozi ya nne, iliyopasuliwa juu yote, kwa kamba ndefu za kuzungusha, ili akiamka aweze kwenda mwenyewe chooni. Aliivaa mara moja. "Hii imenienea," akamwambia. "Sasa hivi ndiyo umejua mguu wangu." Siku ya tisa akafariki, saa nne asubuhi, amekaa, ameegemea bega la mumewe.

Kesho yake baada ya maziko, Ngwali alikuja nyumbani na cheti. Ni desturi yao: mgonjwa akifuata sheria mpaka mwisho, familia inapewa cheti. Kilikuwa kimeandikwa kwa wino mzuri, ALIANZA KWA WAKATI. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nyuma ya dirisha saa za kazi. Alisimama uani hajui pa kuweka mikono, macho yakashuka, yakakutana na jozi ya nne karibu na mlango.

"Hivi viatu ni vya nani, mzee? Vya mgeni?"

"Vya mke wangu."

"Bi Mwantumu? Hapana. Bi Mwantumu alikuwa mama mdogo, mwembamba."

"Ndiye huyo."

Ngwali akachuchumaa. Akaingiza mkono wake ndani ya kubadhi, mkono wote, na nafasi ikabaki.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua."

"Ulimwona kila mwezi, miaka miwili."

"Nilimwona kuanzia hapa kwenda juu." Akagusa kifua chake, usawa wa dirisha.

Pandu hakumtukana. Ningemtukana mimi, tena maneno nilikuwa nayo tayari. Yeye alimwomba cheti, akakikunja, akakiweka ndani ya kubadhi la kulia, akachukua jozi zote nne na nyundo. Tulimfuata mpaka penye Ubao. Akatafuta jina la mkewe, lilikuwa halijafutwa bado, na chini yake akapigilia jozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa mpangilio, kutoka ndogo hadi kubwa. Kisha akarudi nyumbani kufungua kibanda, maana kulikuwa na viatu vya watu.

Walinzi walikuja kuzitoa. Wakagundua kwamba sheria inaruhusu kufuta namba peke yake, na makubadhi si namba, kwa hiyo hakuna ofisa mwenye mamlaka nayo. Yapo mpaka leo. Wiki niliyoondoka nilimkuta mwanamke mmoja pale, mfuko wa sokoni chini, amevua kiatu chake cha kulia na ameunyanyua mguu wake, anaulinganisha na jozi ya pili. Akaushusha. Akaulinganisha na ya tatu. Namba yake kwenye Ubao ilikuwa kumi na mbili. Ngwali alikuwa amesimama nyuma yake, nje ya dirisha, na nilimsikia akimuuliza, "Mama, unalala na mito mingapi?"

Mimi nikarudi. Benchi la kijani bado lipo, wamelipaka rangi upya. Bango limebadilishwa. Jumanne iliyopita kulikuwa na mama kati ya watu wawili, amevua viatu.

Kwa hiyo acha kusoma. Una mama, au shangazi, au jirani mwenye sukari ya miaka mingi, na ulishaona namna anavyoburuta miguu. Ndiyo maana ulipofika kwenye jozi ya kwanza ulitaka kufungua ukurasa mwingine. Nenda kwake leo. Inama, mvue viatu, bonyeza muundi wake kwa kidole gumba na uangalie kama shimo linabaki. Muulize analala na mito mingapi, chakula kinamnukia nini. Kisha mshike mkono mwende pamoja, na mbele ya daktari useme kwa sauti inayosikika mpaka benchini: mtazame huyu, mzima mzima, kuanzia chini. Uliza mpango wake ni upi. Uliza, kama atahitaji mrija, utapandwa lini ili upate kupona kabla ya kutumika. Wakikwambia "bado", inawezekana ni kweli, wapo ambao bado yao ni ya haki. Lakini waulize bado mpaka waone nini, na waambie waandike. Usitoke mlangoni na neno moja.

Na mama aliyekaa kati yenu kwenye benchi, usiyemjua, mwangalie miguu na yeye. Kliniki inafunguliwa saa mbili. Inuka.